Nani Kasema Nyumba ya Udongo Haina Historia?

Kuna sentensi moja nimeisikia hapa Dar es Salaam mpaka sasa naichukia kama ukurutu. Sentensi yenyewe ni hii: "Ah, hilo si banda tu, libomoeni pajengwe kitu cha maana." Wanaisema madalali, wanaisema maofisa, wanaisema abiria ndani ya daladala likikata Kariakoo, na ubaya zaidi wanaisema vijana wenzangu ambao mchana kutwa wanajiita waandishi. Leo nataka kubishana na sentensi hiyo. Mimi sina digrii. Nimeishia kidato cha nne, na riwaya yangu bado imelala kwenye kaunta buku tatu chini ya kitanda. Lakini kubishana hakudai cheti, kunadai hoja. Hoja ninazo, na ndugu msomaji naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaniita mshamba anayelilia makuti.

Tuanze na jina lenyewe, Kariakoo. Simama pale sokoni uwaulize watu kumi maana yake. Wengi watakwambia ni soko, basi, yamekwisha. Sasa sikiliza. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani. Mahali pale wakaweka kambi ya wapagazi wao, kikosi ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalitafuna jina hilo ukalitema upya: Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao, jina lilelile, jeraha lilelile. Wapagazi hao walikuwa Waafrika waliokamatwa vijijini, wakabebeshwa risasi, unga na mizigo ya wazungu waliokuwa wakipigana wao kwa wao. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu. Wengi hawakupata hata kaburi lenye jina.

Sasa nenda pale katikati ya mji, kwenye ile Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Kasimama kijana wa shaba, singe imeelekea bandarini, watalii wanapiga picha. Askari kapewa sanamu. Mpagazi, aliyembebea huyo askari chakula na risasi, katika sanamu ya Dar es Salaam hayumo. Ukumbusho wake mkubwa katika mji huu ni jina la mtaa. Ndiyo maana nasema kila siku: anayekwambia Kariakoo ni soko tu anakunyang'anya kaburi la babu yako bila wewe kujua.

Kwa hiyo ninaposema tuhifadhi mahali pa kale, simaanishi makasri peke yake. Naomba hili lieleweke mapema, maana wapo watu ambao ukiwatajia neno "urithi" wanawaza haraka mizinga, minara na masultani. Sina ugomvi na masultani. Boma la Kale pale ufukweni, lililojengwa mwaka 1866 hadi 1867 wakati wa Sultani Majid, ni jengo zuri na nafurahi kwamba limebaki. Kuta zake za mawe ya matumbawe na boriti zake za mikoko ni elimu tosha kwa fundi anayetaka kujifunza. Lakini Majid hakuujenga mji huu peke yake, na wala hakuukaa peke yake. Mji huu umekaliwa na wapagazi, makuli, mayaya, wachuuzi, mafundi cherehani, wapiga ngoma. Wao walilala wapi?

Walilala katika nyumba ya Kiswahili. Utawala wa kikoloni uliugawa mji mapande: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katikati ya Uhindini na Uswahilini wakaacha uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, ili watu wasikaribiane sana. Kariakoo ikawa upande wa Mswahili. Na Mswahili, aliyepewa kiwanja kidogo na fedha kidogo zaidi, akakitumia kiwanja hicho kwa akili ambayo mpaka leo hatujaifundisha shuleni.

Itazame nyumba yenyewe. Vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani. Kuta za nguzo, fito na udongo, zikapigwa chokaa. Paa makuti, baadaye madebe, baadaye bati. Nyuma uani pana jiko, choo, kamba ya kuanikia nguo na pengine mti wa mpapai. Mbele pana baraza. Nyumba hiyo moja ilikuwa nyumba ya familia na gesti ya wageni kwa wakati mmoja. Mwenye nyumba akikaa vyumba viwili na kupangisha vinne, kodi ilimlisha uzeeni, na kijana aliyetoka Rufiji au Morogoro na kijibegi kimoja alipata pa kuegesha ubavu bila kuuza figo. Mpangaji Mzaramo, mpangaji Mnyamwezi, mpangaji Mmanyema, wote choo kimoja, kisima kimoja, ugomvi mmoja, futari moja. Unadhani Kiswahili cha mjini kilikomazwa wapi? Kwenye kamusi? Kilikomazwa uani, bwana, kwenye foleni ya choo.

Na siasa je? Kila tarehe 7 Julai tunakumbushwa kwamba TANU ilizaliwa mwaka 1954, katika mtaa ambao leo tunauita Lumumba. Vizuri. Lakini chama hakikuishi kwa katiba yake tu. Kuanzia mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa kupitia vikundi vya ngoma. Akina mama wale hawakuwa na ukumbi wa Karimjee wa kukutania. Walikuwa na uani na baraza. Naye Mwalimu Nyerere, alipokuwa kijana mwalimu wa Pugu, alikuwa akishuka mjini na kupokewa Kariakoo nyumbani kwa Abdulwahid Sykes. Alipoacha ualimu mwaka 1955 ikabidi awe na pa kukaa, na baadaye akajenga Magomeni. Nyumba ile ya Magomeni leo ni makumbusho, na kila kijana ambaye hajafika aone haya kidogo kisha apande basi aende. Akifika ataona nyumba ndogo ya kawaida. Ndiyo maana yake hasa. Nchi hii ilizungumzwa kwanza ndani ya nyumba ndogo za kawaida.

Sasa waulize wenye mji: katika nyumba hizo za Kariakoo, ngapi zimebaki? Pita mwenyewe mtaa hadi mtaa uhesabu kwa vidole. Utakuta moja imebanwa katikati ya ghorofa mbili kama mzee aliyekaa kiti cha katikati kwenye Hiace, anapumua kwa shida, anasubiri kituo chake.

Moja ya nyumba zilizoondoka ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Siitaji hapa ili mnionee huruma, naitaja kwa sababu ni mfano ninaoujua kwa macho. Bibi alipofariki, warithi walikuwa tisa na kiwanja kilikuwa kimoja. Akaja mnunuzi na bei ambayo hakuna hata mmoja katika tisa wale aliyewahi kuiona imeandikwa kwenye karatasi. Waliuza. Siwalaumu. Mjomba alikuwa na watoto wa kusomesha, mama mdogo alikuwa na deni la hospitali. Nyumba iliyochukua zaidi ya miaka 60 kuzoeleka ilibomolewa asubuhi moja, na jioni fito zake zilikuwa kuni za mama ntilie. Kilichoniuma si kuuzwa. Kilichoniuma ni kwamba mji mzima haukuwa na daftari hata moja lililokuwa na haja ya kuandika kwamba hapa palikuwa na nyumba, ilikuwa hivi, walikaa hawa.

Kabla ya kubomolewa nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, kuuliza kama nyumba ya namna ile inaweza kuingizwa katika orodha ya majengo ya kulindwa. Bwana mmoja akanitazama kutoka kandambili mpaka kofia, akaniuliza: "Kwani alilala sultani gani humo?" Wenzake wakacheka. Nami nikaenda kutafuta sheria nione kama kicheko chao kina kifungu.

Kumbe kinacho. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa la kale lenyewe kwa lenyewe iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Baada ya hapo lazima waziri alitangaze. Milango imepata nafuu: mlango au mwimo ulionakshiwa kabla ya mwaka 1940 unalindwa. Umeona mambo hayo? Mwaka 1863 Kariakoo haikuwapo. Hata Boma la Kale halikuwapo! Kwa kipimo hicho mpagazi wa 1916 kachelewa miaka 53 kuwa historia, na Bibi Titi ndiyo kabisa, yeye ni habari ya juzi. Mlango wenye nakshi unalindwa, lakini mama aliyeufungua alfajiri kila siku akafagia baraza halindwi, wala kumbukumbu yake hailindwi, wala ukuta aliouegemea. Sheria ilitungwa kipindi ambacho 1863 ilikuwa miaka 101 tu nyuma. Leo miaka imeongezeka, mstari umebaki palepale. Saa imesimama, na wenye saa wanasema ndiyo kwanza asubuhi.

Mtu ataniambia, nenda Zanzibar, wenzetu wanahifadhi. Haya, twende Zanzibar. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Naheshimu kazi hiyo. Lakini ramani ya urithi imekaa upande wa Mji Mkongwe. Ng'ambo, ambako wengi wa Waunguja wenyewe walikuwa wakiishi, hakukupewa cheti. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, akaja mjini, akatoka kuimba barazani mpaka kwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, makazi yake yalikuwa Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sehemu za Ng'ambo zilibomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, kwa mpango uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Sasa angalia kichekesho: leo wapo watu wazima waliozaliwa Michenzani, wakachezea ngazi zile, wakaolewa humo, na wao wakisikia Michenzani inaguswa roho zinawaruka. Wana haki. Mahali panakuwa pa kale kwa kuishiwa na watu, hapangoji karne tatu na hapangoji mzungu aje na kamera.

Na hata makasri yenyewe, tunayajali kweli? Beit al-Ajaib, jengo la maajabu alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilifungwa mwaka 2012 kwa sababu lilishaanza kuanguka. Miaka 8 baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya upande wake wa mbele iliporomoka mchana kweupe wakati kazi ya ukarabati inaendelea, na watu wawili wakafa. Jengo lilikuwa na sifa zote, lilikuwa na cheti cha dunia, lilikuwa kwenye kila kadi ya posta. Cheti hakikuzuia maji ya mvua. Kinachozuia maji ya mvua ni mtu wa kupanda juu kuziba paa kila mwaka, na mtu huyo hupatikana pale ambapo wenyeji wanaona jengo ni lao.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana najua wamejipanga.

Wa kwanza anasema: "Kijana, sisi tunataka maendeleo. Mji ni maghorofa." Mimi sipingi ghorofa. Watu tumeongezeka, ardhi haiongezeki, na lifti si dhambi. Ninachopinga ni imani kwamba kitu kikiwa kipya basi ni bora, na kikiwa cha kale basi ni hatari. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa jipya lililokuwa bado linajengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lingine lilianguka papa hapa Kariakoo, likafukia wafanyabiashara na wateja, wakafa watu zaidi ya 20. Mungu awarehemu. Nyumba ya udongo ina mchwa, nakubali, lakini sijapata kusikia imefukia mtaa mzima. Upya si usalama. Usalama ni fundi mwaminifu, mkaguzi asiyekula mlungula na matengenezo kwa wakati, na hayo matatu nyumba ya kale na ghorofa yote inayahitaji.

Tena nani kasema kisasa na urithi ni maadui? Soko Kuu la Kariakoo lenyewe lilichorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, na likakamilika katikati ya miaka ya 1970. Zege tupu, paa lina umbo la miavuli, na chini ndiyo lile Shimoni tunalolijua sote. Si la Mwarabu, si la Mjerumani, si la Mwingereza. Ni kazi ya mtu wetu katika miaka ambayo taifa lilikuwa linatafuta sura yake. Kwa mstari wa 1863 nalo si kitu. Lakini usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko lilipoungua, watu walilia, na hawakulia bidhaa peke yake. Niliwasikia mwenyewe wazee wakisema, "Soko letu." Hilo neno "letu" ndilo ninalolitetea hapa. Halimo katika sheria, halipimwi kwa miaka, lakini likikosekana mji unakuwa stendi: watu wanapita, hakuna anayefagia.

Wa pili anasema: "Maskini hali historia. Kwanza tushibe." Hoja hii huwa inasemwa na walioshiba. Mimi nimekaa na wasioshiba, na ninachokiona ni kwamba nyumba ya Kiswahili ikibomolewa, wa kwanza kuhama ni mpangaji wa chumba kimoja. Anasukumwa Chanika, anasukumwa Mbagala ya mwisho, nauli yake inapanda na biashara yake ya sokoni inakufa. Ghorofa linalopanda juu halimjui. Kwa hiyo usiniambie kubomoa ni kumsaidia maskini, wakati maskini ndiye anayebeba godoro. Kitu cha kale kinachotumika kina faida ya mfukoni. Lamu, ngome ya kale iliyokuwa gereza mpaka mwaka 1984 iligeuzwa makumbusho, pakawa na maktaba na mahali pa shughuli za watu wa mji. Watoto wanasoma pale walipofungwa babu zao. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ziliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 kwa kuliwa na bahari na kuporomoka. Mwaka 2014 zikatolewa katika hatari hiyo, na wanakijiji wenyewe walishika mwiko na chokaa katika kazi. Mkono uliokandika ukuta hauwezi kuruhusu ukuta huo uibwe mawe.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Huyu anakubali uhifadhi, tena anaupenda. Anataka wenyeji watoke, nyumba ipakwe rangi, ziwekwe taa za mafuta za mapambo, kisha chumba kilale mtalii kwa dola. Mimi naita huku ni kubomoa kwa brashi. Ukuta umebaki, watu wamekwenda. Baraza limebaki, lakini ukikaa mlinzi anakuuliza una miadi na nani. Baraza likishakuwa na mlinzi hilo si baraza, ni jukwaa la maonyesho. Watalii waje, walipe, wakaribishwe. Lakini mji uhifadhiwe kwanza kwa ajili ya anayeamka ndani yake.

Wa nne, na huyu namheshimu, ni mwenye nyumba. Ananiambia: "Mwanangu, wewe unataka nyumba yangu ibaki ili uandike riwaya. Bati linavuja, kodi ya jengo inanidai, mnunuzi ana fedha taslimu. Utanipa wewe?" Hapa lazima tuwe wakweli. Haifai mji mzima ufaidi kumbukumbu na bili alipe ajuza mmoja. Kama jengo ni la wote kwa thamani, basi gharama nayo iwe ya wote. Mwenye nyumba anayekubali kuilinda apunguziwe kodi ya jengo na ya ardhi. Apewe mkopo wa riba ndogo wa kuezekea. Akitaka kujenga, aruhusiwe kupanda juu kwa upande wa uani, huku mbele baraza na mlango vikibaki. Hayo si maajabu, ni hesabu na nia. Bila hayo, kumwambia mwenye nyumba asiuze ni kumhubiria mtu mwenye njaa sifa za funga.

Ninachodai, kwa hiyo, ni hivi. Mstari wa 1863 usogezwe, na kipimo kisiwe umri tu, kiwe pia nani aliishi na nini kilitendeka. Iwepo orodha ya kila kata, na wanaoiandika wawe wakazi wenyewe pamoja na wataalamu, si wataalamu peke yao wakipita na gari lenye vioo vyeusi. Kila jengo linalobomolewa, hata likiwa halina kinga, lipigwe picha na kuchorwa ramani kabla nyundo haijashuka. Na pale nyumba ilipokwisha kuondoka, kiwekwe kibao ukutani mwa ghorofa jipya: hapa palikuwa na nyumba ya fulani, hapa walifanyia mazoezi wanamuziki fulani, hapa walikutana akina mama wa TANU. Kibao ni bei ya sahani chache za chipsi. Klabu za taarabu za mji huu, Al-Watan na Egyptian, zimekuwapo tangu miaka ya 1930. Kijana anayepita na simu sikioni akisikiliza muziki hajui kwamba anakanyaga kizingiti cha babu wa muziki huo. Nani wa kumwambia, kama ukuta haumwambii?

Nimebakiza kundi moja, nanyi mmekaa mkidhani nimewasahau. Nyie waandishi wenzangu.

Kikundi chetu cha uandishi hukutana jioni kwenye baraza la nyumba moja ya zamani huku Ilala. Tumesomeana hapo hadithi, tumechambuana mpaka watu wakanuniana wiki nzima. Nyumba hiyo nayo imeshapata mnunuzi, tumeambiwa mwisho wa mwaka tutafute pengine. Niliposema tukamwone mwenye nyumba, angalau tuandike habari zake na za nyumba, mwenzetu mmoja akajibu: "Achana nayo, tutakutania mtandaoni." Halafu huyohuyo akatusomea hadithi yake: mhusika anaamka katika apatimenti, anatazama theluji dirishani. Theluji! Mwandishi wake hata Lushoto hajafika.

Sikatai kubuni. Lakini jiulize kwa nini riwaya za Shafi Adam Shafi ukizisoma unanusa bandari na uchochoro. Kuli, iliyotoka mwaka 1979, inasimama juu ya mgomo halisi wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Mwandishi alikuwa na mahali pa kuweka mguu. Ben Mtobwa alipoandika Dar es Salaam Usiku, mji ulikuwapo, mitaa ilikuwapo, msomaji aliweza kutoka nje akaifuata njia ya mhusika. Sisi tutaandika nini? Mhusika wangu wa 1955, mwanamke muuza vitumbua anayejiunga na TANU, nikitaka kumtoa chumbani kumpeleka barazani, lazima nijue ni hatua ngapi, jua linaingilia upande gani, sauti ya uani inasikika vipi ukumbini. Hayo nayajua kwa sababu nilikulia ndani ya ukumbi huo. Atakayekuja baada yangu atayajua kwa nani? Atatazama filamu ya Wanaijeria, amweke Bibi Titi kwenye sebule yenye sofa za ngozi.

Mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha kitabu juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes. Unaweza kukubaliana naye au kubishana naye, hilo ni shauri lako. Lakini watu na nyumba ambazo zingepotea zimebaki kwa sababu mtu mmoja alikaa chini akaandika. Kalamu haizuii tingatinga, nakubali. Inaweza kulichelewesha, na likishapita inaweza kulitaja kwa jina.

Kwa hiyo acheni kusubiri wizara, na acheni kusubiri wafadhili. Kila mmoja wenu anajua nyumba moja. Chukua daftari, nenda Jumamosi, mwamkie mwenye nyumba shikamoo vizuri, mpelekee hata kilo ya sukari. Muulize nani alijenga, fundi alikuwa nani, nani alipanga chumba cha mkono wa kushoto, nani alizaliwa humo, nani alikufia humo, ngoma gani zilichezwa uani. Pima vyumba kwa hatua zako kama huna futi. Piga picha mlango. Andika alivyosema, kwa Kiswahili alichosemea, usikisafishe. Ukipata nyumba kumi, lete hapa jaridani, na mimi nitaleta zangu. Tukiwa na nyumba 100 zilizoandikwa, tutakwenda nazo kwenye ile ofisi, tuziweke mezani mbele ya yule bwana, na tutamjibu swali lake la sultani aliyelala humo. Tutamwambia walilala wenye nchi.

Naomba kutoa hoja.